Shimo Jeusi, Nyota na Gesi: Ushahidi wa Kompyuta Upimwe Vipi?



Mtu anayetafuta ukweli huuliza mara nyingi: je, inafaa kukubali jambo ambalo jicho halikuliona? Swali hili si dogo, wala halifai kupuuzwa. Anayeliuliza kwa moyo safi anastahili kujibiwa kwa dalili, wala si kwa kukemewa. Katika somo hili tutalichukua swali hilo na kulipeleka mahali ambapo hakuna mwanadamu aliyefika, napo ni kitovu cha galaksi yetu, ambako shimo jeusi, nyota na gesi vinaathiriana usiku na mchana.

Wataalamu wa elimu ya falaki wanatueleza mengi juu ya mahali hapo, na sehemu kubwa ya maelezo yao imetokana na mifano iliyotengenezwa ndani ya kompyuta. Basi yatupasa kuuliza: ushahidi wa namna hii una uzito gani? Ukubaliwe lini, na ukataliwe lini?

MAHALI PENYEWE

Msomaji anayeishi Afrika ya Mashariki yuko mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Katikati ya mwezi wa Julai, kiasi cha saa nne usiku, mbingu ikiwa safi na mwezi haujatoka, na atazame juu akielekea kusini. Ataona ukanda mweupe uliokata mbingu. Huo ndio unaoitwa Njia Nyeupe. Si moshi wala wingu, bali ni nuru ya nyota nyingi mno zilizo mbali sana, na jua letu ni mojawapo ya nyota za galaksi hiyo. Sehemu iliyo pana na yenye kung'aa zaidi iko katika buruji ya Kausi, yaani Mshale, karibu na Nge. Upande huo ndiko kiliko kitovu cha galaksi.

Umbali wa kutoka kwetu hadi huko ni miaka ya nuru 27,000 hivi. Nuru hukimbia kilometa 300,000 kwa kila sekunde, na hata hivyo nuru inayotufikia leo ilianza safari yake huko zamani sana, kabla watu hawajajua kulima. Tena kati yetu na kitovu hicho pana vumbi jingi linaloizuia nuru ya kawaida. Lakini mawimbi ya redio hupenya, na vivyo hivyo eksirei kali na ile miali ya joto isiyoonekana kwa macho iitwayo infraredi. Mwaka 1974 wataalamu wawili, Bruce Balick na Robert Brown, wakitumia vyombo vya redio huko Green Bank, Marekani, waligundua kitu kidogo sana kinachotoa mawimbi ya redio hapo kitovuni. Kitu hicho kikaja kuitwa Sagittarius A*.

DALILI YA KWANZA: MWENDO WA NYOTA

Sasa mtu atauliza: mmejuaje kwamba kitu hicho ni shimo jeusi, ilhali shimo jeusi lenyewe halitoi nuru?

Jibu ni kwamba kisichoonekana hujulikana kwa athari yake juu ya kinachoonekana. Mfikirie mtoto anayezungusha jiwe alilolifunga kwa kamba. Mtu aliye mbali huenda asiione kamba, lakini akijua kasi ya jiwe na upana wa mzunguko wake, ataweza kukadiria nguvu inayolishika jiwe lile lisiruke. Hivyo ndivyo walivyofanya wataalamu. Tangu miaka ya 1990 vikundi viwili, kimoja cha Reinhard Genzel huko Ujerumani na kingine cha Andrea Ghez huko California, Marekani, vilipima mwaka hata mwaka mahali pa nyota zilizo karibu sana na Sagittarius A*.

Nyota moja, iitwayo S2, huzunguka kitovu hicho kwa miaka 16. Mwezi wa Mei 2018 ilipita karibu kabisa, ikiwa umbali wa mara 120 hivi ya umbali wa dunia na jua, nayo ilikuwa ikienda zaidi ya kilometa 7,600 kwa sekunde. Ili nyota ishikwe kwa mwendo huo isiponyoke, lazima hapo katikati pawe na uzito wa jua zaidi ya milioni nne, na uzito wote huo uwe umekusanyika mahali padogo. Shimo jeusi la uzito huo lina upana wa kilometa milioni 25 hivi, kiasi ambacho kingeweza kuingia ndani ya mzunguko wa sayari ya Zebaki. Kwa kazi hiyo Genzel na Ghez walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020, pamoja na Roger Penrose wa Uingereza, aliyeonyesha kwa hesabu kwamba mashimo ya namna hii ni tokeo la lazima la kanuni za Einstein.

Tafadhali kumbuka, msomaji mpenzi, kwamba mpaka hapa hatujatumia mfano wowote wa kompyuta. Hivi ni vipimo. Tofauti hii kati ya kipimo na mfano ndiyo nguzo ya somo letu.

MAANA YA KUIGA

Mwanafunzi wa jiografia hujenga mlima mdogo wa udongo, akaumwagia maji, ili aone mito inavyochimba mabonde. Mlima ule si Kilimanjaro, wala maji yale si mvua ya masika. Lakini sheria inayoyateremsha maji ni ile ile. Kwa hiyo akiiga kwa uangalifu atajifunza jambo la kweli juu ya mlima mkubwa, na akiiga ovyo atajidanganya. Mfano wa namna hii, unaotenda kazi na kubadilika kama kitu chenyewe, tutauita mwigo.

Mwigo wa kwanza wa galaksi ulio mashuhuri haukutumia kompyuta. Mwaka 1941, huko Lund katika nchi ya Sweden, Erik Holmberg alitaka kujua yanayotokea galaksi mbili zikipitana karibu. Hesabu yake ilikuwa ndefu mno kwa mkono. Basi akatumia akili. Alijua kwamba nguvu ya uvutano hupungua sawasawa na mwanga wa taa unavyopungua: umbali ukiwa mara mbili, nguvu hubaki robo. Akachukua taa ndogo za umeme, 37 kwa kila galaksi, yaani 74 kwa jumla, akazipanga mezani badala ya nyota. Kisha kwa chombo cha kupimia mwanga akapima mwanga unaoifikia kila taa kutoka kwa nyingine zote. Mwanga huo ndio uliomwambia kila taa isogezwe wapi. Akasogeza, akapima tena, akasogeza tena. Kwa njia hiyo akaona kwamba galaksi zikipitana huvutana mpaka zikatokeza mikia na mikono ya nyota, na kwamba zaweza kushikana.

Kompyuta za leo hufanya lile lile alilolifanya Holmberg, ila kwa haraka kubwa. Huambiwa kila kitu kiko wapi na kinaendaje. Hukokotoa nguvu zinazokivuta. Hukisogeza hatua ndogo. Kisha huanza tena. Hakuna muujiza ndani yake wala uaguzi, bali kuna sheria, vianzio na hesabu nyingi.

Wingi wa hesabu hizo usidharauliwe. Nyota kumi zikivutana, kuna jozi 45 za kuhesabiwa. Nyota 1,000 zina jozi 499,500. Nyota milioni moja zina jozi zinazokaribia bilioni 500, na hizo ni za hatua moja tu. Ndiyo maana wataalamu wametafuta njia za mkato, kama vile kulichukua kundi la nyota za mbali kana kwamba ni kitu kimoja.

Gesi ina matata yake. Nyota mbili hupishana bila kugusana, lakini mawingu mawili ya gesi yakikutana hugongana, hupata joto, huchanganyika na kutoa miali. Kwa ajili hiyo kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kuigawa gesi katika vipande vinavyotembea, kila kimoja kikiwa kama tone lililotandazwa. Njia hii ilibuniwa mwaka 1977 na Leon Lucy, na pia na Robert Gingold pamoja na Joe Monaghan. Ya pili ni kuigawa nafasi yenyewe katika vyumba vidogo vidogo, kama matundu ya wavu, na kuhesabu gesi inayoingia na kutoka katika kila chumba.

KWA NINI GESI HAIINGII KWA URAHISI?

Watu wengi hudhani kwamba shimo jeusi ni kama mdomo unaomeza kila kilicho karibu. La hasha! Kama jua letu lingebadilishwa na shimo jeusi lenye uzito ule ule, dunia ingeendelea kulizunguka katika njia yake ile ile, ingawa ingekuwa na giza na baridi. Uvutano wa shimo jeusi kutoka mbali hauna tofauti na uvutano wa kitu kingine chochote cha uzito huo.

Gesi inayolielekea shimo jeusi huzuiwa na mambo matatu. Kwanza, ina mzunguko. Kitu kinachozunguka hakianguki moja kwa moja katikati mpaka kipoteze mzunguko wake. Pili, ina joto. Inapobanwa hupata moto, na joto hilo huisukuma kurudi nje. Tatu, ina nguvu za sumaku. Hizi hufanya kazi mbili: mara huipunguzia gesi mzunguko wake ili iweze kushuka, mara huirusha nje. Mambo haya matatu hutendana kwa wakati mmoja, na hakuna mtu awezaye kuyafuata yote kwa kalamu na karatasi. Hapa ndipo haja ya mwigo inapoonekana.

UPEPO WA NYOTA THELATHINI

Hebu sasa tutazame mwigo mmoja kwa makini. Ndani ya miaka michache ya nuru kutoka Sagittarius A* kuna nyota 30 hivi za jinsi iitwayo Wolf-Rayet. Ni nyota kubwa, zenye moto mkali, zilizofika karibu na mwisho wa maisha yake. Kila moja hutoa upepo wa gesi unaokwenda mamia ya kilometa kwa sekunde, na baadhi hupita kilometa elfu moja. Pepo hizo hugongana na kupata joto la mamilioni ya digrii, hata zikatoa eksirei. Darubini ya angani iitwayo Chandra imeziona eksirei hizo.

Mwaka 2018 Sean Ressler, Eliot Quataert na James Stone walitangaza mwigo wao wa mahali hapo. Waliziweka nyota hizo 30 katika njia zake zinazojulikana, wakaipa kila moja upepo wake, kisha wakaiacha gesi ifuate sheria zake. Matokeo yalikuwa haya. Kwanza, mwigo ulitoa eksirei zinazolingana vizuri na zile zilizoonwa na Chandra. Pili, gesi inayolifikia shimo jeusi hutoka zaidi kwa nyota chache tu zilizo karibu. Tatu, sehemu kubwa ya gesi huzunguka kama sinia nene isiingie, na ile inayoshuka ni ile iliyobahatika kuwa na mzunguko mdogo. Nne, walipokadiria kiasi kinachofika ukingoni mwa shimo, walipata sehemu chache tu za milioni mia za uzito wa jua kwa mwaka.

Hebu ulipime jambo hilo, ndugu yangu. Kiasi hicho kinakaribiana na uzito wa mwezi wetu mmoja. Shimo lenye uzito wa jua zaidi ya milioni nne hupata mwaka mzima chakula cha mwezi mmoja! Hii ndiyo sababu kitovu cha galaksi yetu kimetulia na hakiwaki kama vitovu vya galaksi nyingine. Tena kadirio hilo lilikubaliana na makadirio mengine yaliyotokana na nuru ya Sagittarius A* yenyewe. Mashahidi wawili ambao kila mmoja alikuja kwa njia yake walisema maneno yanayofanana.

Lakini utambue mpaka wa mwigo huo. Haukufika ukingoni mwa shimo. Ulikoma mbali kidogo, na kiasi cha mwisho kilikadiriwa. Sababu yake ni wakati. Gesi iliyo ukingoni huzunguka kwa dakika chache tu, ilhali pepo za nyota huchukua mamia ya miaka kufika. Kompyuta ikilazimishwa kuhesabu kila dakika ya mamia ya miaka, kazi haitakwisha. Hivyo wataalamu huiga kwanza eneo kubwa, kisha huchukua matokeo yake kuwa mwanzo wa mwigo wa eneo dogo zaidi, kama mtu ashukaye ngazi kidato baada ya kidato.

SHIMO NALO HURUDISHA

Isidhaniwe kwamba uhusiano huu ni wa upande mmoja. Gesi inapoanguka kuelekea shimo jeusi hutoa nguvu nyingi kabla haijatoweka. Sehemu kama moja ya kumi ya uzito wake yaweza kugeuka kuwa nguvu, ambapo moto wa nyuklia unaowaka ndani ya jua hugeuza chini ya sehemu moja ya mia ya haidrojeni yake. Basi shimo likilishwa sana, nguvu inayotoka huweza kuipasha moto gesi ya galaksi nzima na kuifukuza. Gesi ikifukuzwa, nyota mpya hazizaliwi, na shimo lenyewe hukosa chakula.

Mwaka 2005 Tiziana Di Matteo, Volker Springel na Lars Hernquist walitoa mwigo wa galaksi mbili zinazogongana, kila moja ikiwa na shimo jeusi. Waliona gesi ikimiminika kitovuni, shimo likikua upesi, kisha nguvu yake ikiifagia gesi na kuuzima mlo wake wenyewe. Mwigo huo ulisaidia kueleza jambo lililokuwa limepimwa mwaka 2000: kwamba uzito wa shimo jeusi hufuatana na kasi ya nyota zilizo katika sehemu ya kati ya galaksi yake, ingawa nyingi za nyota hizo ziko mbali mno kuweza kuuhisi uvutano wa shimo.

Katika galaksi yetu pia kuna alama. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba vipimo vya darubini ya Fermi vimeonyesha mapovu mawili makubwa ya miali mikali, moja juu na jingine chini ya kitovu, kila moja likifika miaka ya nuru 25,000 hivi. Baadhi ya wataalamu husema ni mabaki ya wakati shimo letu lilipokula sana. Wengine husema ni kazi ya nyota nyingi zilizozaliwa na kulipuka kwa pamoja. Pande zote mbili zina miigo yake. Nawe unaona hapo kwamba kuwa na mwigo peke yake si kushinda hoja.

MTIHANI WA WINGU LA G2

Sasa tumefika kwenye jambo zito zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2011 kikundi cha Ujerumani kilitangaza kwamba kitu kinachoonekana kama wingu la gesi, kikapewa jina G2, kinaelekea Sagittarius A*. Kwa makadirio yao uzito wake ulikuwa mara tatu hivi ya uzito wa dunia. Ilitazamiwa kukaribia kabisa mwaka 2013, na baadaye hesabu ikasahihishwa kuwa 2014.

Hii ilikuwa fursa isiyopatikana mara nyingi. Kompyuta za nchi kadhaa zilianza kuiga tukio kabla halijatokea. Baadhi ya miigo ilionyesha wingu likivutwa kama uzi, likararuka, na sehemu yake ikaanguka shimoni. Na wengi walitazamia kwamba kitovu cha galaksi kingewaka kwa nguvu. Darubini zikageuzwa huko, na watu wakangoja.

Mwaka 2014 G2 ikapita, na mwako mkubwa uliosubiriwa haukutokea. Tena kikundi cha Ghez kilieleza kwamba G2 imepita ikiwa nzima, jambo lisilotazamiwa kwa wingu tupu la gesi. Wao wakaona kwamba huenda ndani yake mmejificha nyota iliyofunikwa kwa vumbi na gesi, na uvutano wa nyota hiyo ndio uliolishika wingu lisitawanyike. Mwaka 2020 walitangaza vitu vingine vya aina hiyo, hata idadi yake ikafika sita.

Basi kosa lilikuwa wapi? Sheria ya uvutano haikukosea, wala kompyuta haikusahau kujumlisha. Jambo la kuulizwa lilikuwa kile kilichowekwa mwanzoni. Aliyeanza na wingu lisilo na kitu ndani alipata jibu la wingu lisilo na kitu ndani. Kompyuta haiwezi kumwambia bwana wake, "Umesahau nyota." Hujibu kile ilichoulizwa, na hujibu kwa utiifu hata kama swali lenyewe ni bovu.

PICHA YA MWAKA 2022

Tarehe 12 Mei 2022 ilitolewa picha ya kwanza ya Sagittarius A*. Ilitokana na vipimo vya Aprili 2017, vilivyochukuliwa kwa pamoja na vyombo vinane vya redio vilivyotawanyika toka Hawaii hadi Hispania, na toka Chile hadi Ncha ya Kusini. Pete ya nuru iliyoonekana ni ndogo machoni petu kama chungwa lililowekwa juu ya mwezi. Ukubwa wake ulipatana na ule unaotazamiwa na kanuni za Einstein kwa shimo lenye uzito uliopimwa kwa mwendo wa nyota. Hapa tena mashahidi wawili walipatana.

Kisha wataalamu wakaichukua miigo mingi ya gesi inayolizunguka shimo, wakailinganisha na vipimo vyote walivyokuwa navyo. Nao wakatangaza waziwazi kwamba hakuna mwigo hata mmoja uliofaulu majaribio yote. Tatizo kubwa lilikuwa moja: katika miigo mingi nuru ilipanda na kushuka kupita ilivyopanda na kushuka katika shimo la kweli. Mbingu ilikuwa tulivu kuliko kompyuta. Hata hivyo miigo iliyokaribia zaidi ilikuwa na nguvu kubwa za sumaku, na mwezi wa Machi 2024 picha nyingine, iliyopima mwelekeo wa mitetemo ya nuru, ilionyesha kwamba kweli kuna sumaku yenye nguvu, iliyopangika na kujizungusha pembeni mwa shimo.

PINGAMIZI NA JIBU LAKE

Huenda mtu akasema: "Kama miigo hushindwa, na wenyewe wanakiri kwamba imeshindwa, basi yote ni kubahatisha, na hatuna haja nayo."

Pingamizi hili lina sura ya hekima, lakini halisimami. Anayebahatisha hakubali kushindwa, kila litokealo husema, "Ndivyo nilivyosema." Mwigo uliotengenezwa vizuri hutaja mapema kitakachoonekana, na kiasi chake, ili kila mtu aweze kuona ukikosea. Kushindwa kwake kuna faida, maana kunaonyesha ni kipi kilichoachwa. G2 iliposalia nzima, watu walilazimika kukitazama upya kitu walichokidhani kuwa wingu tu. Nuru ilipokuwa tulivu kuliko ilivyotazamiwa, watu walijua kwamba bado hawajaifahamu vema gesi ya ukingoni. Aliye mpotevu njiani hafaidiki kwa kuitupa ramani kwa sababu ina kosa moja. Hufaidika kwa kulisahihisha kosa lile na kuendelea kutembea.

Lakini kuna kosa la upande wa pili, nalo limeenea zaidi siku hizi. Watu huonyeshwa picha za rangi zinazotembea, zikionyesha nyota ikiraruliwa na gesi ikizunguka, nao husema, "Nimeona kwa macho yangu." Hakuona nyota, aliona hesabu iliyotiwa rangi. Hesabu hiyo huenda ni sahihi, lakini mtu asiyejua tofauti hiyo leo ataamini kila anachoonyeshwa, na kesho, likigunduliwa kosa, atakanusha hata yale yaliyothibitika.

MASWALI MATATU

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kila unapoletewa habari za namna hii, uliza maswali matatu.

La kwanza: hiki ni kipimo au ni mwigo? Mwendo wa S2 ni kipimo. Pete ya 2022 ilitokana na vipimo. Gesi ya nyota 30 inayoteremka kuelekea shimoni ni mwigo.

La pili: mwanzoni kiliwekwa nini, na kiliachwa nini? Mwigo hauwezi kuwa mwema kupita vianzio vyake.

La tatu: umesema jambo gani linaloweza kupimwa na mtu mwingine kwa njia nyingine, na je, limepimwa? Ukikuta mashahidi wawili wasiotegemeana wamepatana, una haki ya kutulia. Ukikuta shahidi mmoja tu, mpe heshima yake, lakini ungoje.

Anayeuliza hivi hatakuwa mwepesi wa kuamini wala mwepesi wa kukanusha. Ataweza kukubali kwa moyo mkunjufu kwamba huko katika Kausi kuna kitu chenye uzito wa jua zaidi ya milioni nne, ambacho jicho lake halitakiona kamwe, kwa kuwa nyota zimekishuhudia. Na papo hapo ataweza kusema bila haya juu ya yale yaliyobaki, kama vile asili ya mapovu ya Fermi, kwamba hapo dalili hazijatosha. Mtu wa namna hiyo anaweza kukabidhiwa jambo lolote kulichunguza, liwe la mbinguni au la hapa duniani, naye ataitendea dalili haki yake.